Shuka la Viraka kwa Batiki Zilizowekwa Siku Nyingi

Katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni liko sanduku chini ya kitanda, la bati au la mbao, na ndani yake zimo nguo zisizovaliwa. Baadhi ni leso ambazo mama alipewa siku ya arusi yake. Nyingine ni vipande vya batiki, yadi mbili hapa na yadi tatu pale, vilivyonunuliwa Mombasa, Nairobi au Arusha vikawekwa vingoje siku njema. Mara nyingi siku hiyo haifiki. Kitambaa hukaa miaka ishirini, hutolewa mara moja kwa mwaka kitazamwe, kisha hukunjwa tena palepale kilipokunjwa kwanza. Mwishowe mwenyewe huzeeka, na mabinti watatu hubaki na kitambaa kimoja ambacho hakitoshi kumshonea gauni hata mmoja wao.

Ipo njia ya kukitumia kitambaa hicho pasipo kumnyima yeyote, nayo ni kukikata viraka na kuvishona pamoja viwe uso wa shuka la kufunika kitanda. Kazi hii huwatisha watu kwa sababu moja tu: nguo ikishakatwa hairudi. Kwa hiyo yafaa kujua vema lipi litangulie na lipi lifuate, kabla mkasi haujaguswa.

Desturi ya kuweka nguo haikuanza jana katika Ukambani. Katika karne ya 19, kabla ya reli, Wakamba walikuwa mashuhuri kwa biashara ya safari ndefu. Walipeleka pembe za ndovu pwani, wakarudi na nguo za pamba, ushanga na waya wa shaba. Kivui Mwenda wa Kitui, aliyempokea mmisionari Ludwig Krapf mwaka 1849, alikuwa mkubwa miongoni mwa wafanya biashara hao. Nguo iliyobebwa siku nyingi kupita nyika ya Taru haikuwa kitu cha kukatwakatwa ovyo, wala si ajabu kwamba bibi zetu waliwafundisha binti zao kuitunza.

Batiki yenyewe ina asili nyingine. Fundi huchora nguo nyeupe kwa nta iliyoyeyushwa, kisha huitia nguo hiyo katika rangi. Palipo na nta rangi haiingii. Nta huondolewa kwa maji ya moto, na kama rangi mbili au tatu zatakiwa, kazi hurudiwa tena na tena. Watu wa Java ndio waliosifika zaidi kwa ufundi huu, na mwaka 2009 shirika la UNESCO liliiandika batiki ya Indonesia katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Waholanzi waliiga kazi hiyo kwa mashine katika karne ya 19, na katika uigaji huo ndimo vilimotoka vitenge vya nta vilivyoenea kwanza Afrika ya Magharibi, kisha huku kwetu.

Mshonaji aitambue batiki ya mkono na asiichanganye na kitambaa kilichopigwa chapa upande mmoja. Aigeuze nguo atazame nyuma. Batiki ina rangi pande zote mbili, na mistari myembamba kama nyufa, ambayo ilifanyika nta ilipopasuka rangi ikapenya, haifanani mahali pawili. Jambo hili lina faida kubwa katika kazi ya viraka, maana kiraka hakina uso wala mgongo. Kikikatwa vibaya upande mmoja, huweza kugeuzwa kikafaa.

Sasa sanduku lifunguliwe, na kila kitambaa kitazamwe kwenye mwanga. Mahali pa kutazama kwanza ni kwenye mikunjo. Nyuzi zilizokunjwa mahali pamoja kwa miaka mingi hukatika zenyewe, hata kama kitambaa chaonekana kizima. Kishikwe mkunjo ukiwa katikati ya mikono miwili na kuvutwa polepole. Kikitoa mlio wa kuchanika, mstari huo usiingie katika shuka. Vivyo hivyo sehemu iliyolalia mbao tupu kwa muda mrefu hugeuka rangi ya chai, kwa maana mbao hutoa asidi inayodhoofisha pamba. Wengi huweka vidonge vyeupe vya kufukuza nondo wakidhani wameihifadhi batiki. Lakini buu wa nondo hula sufi na manyoya, si pamba iliyo safi. Adui wa pamba katika Ukambani ni mchwa, panya, unyevu, na wale wadudu wadogo wenye rangi ya fedha wanaofuata wanga uliotiwa wakati wa kupiga pasi. Sanduku lililowekwa juu ya mawe, mbali na ukuta wa udongo, hufaa kuliko pakiti kumi za vidonge.

Baada ya hapo yaja maji, na hapa ndipo wengi walipoharibu kazi yao. Batiki ambayo haijafuliwa isishonwe kamwe. Kitambaa kimoja hurudi kikifuliwa na kingine hakirudi, na shuka lililoshonwa kwa vitambaa vya namna mbili hizo hukunyata siku ya kwanza ya kufuliwa. Tena buluu iliyokoza na nyekundu hupenda kutoka. Kabla ya kulowesha, kitambaa cheupe kilichotiwa maji kisuguliwe pembeni mwa batiki. Kikipata rangi, batiki hiyo ifuliwe peke yake. Wako wanaoshauri kuitia katika chumvi au siki ili rangi ishike. Chumvi humsaidia mtia rangi wakati rangi inapoingia katika pamba, lakini haiizuii rangi iliyozidi isitoke baadaye. Dawa ya rangi iliyozidi ni kuiondoa kwa maji ya moto na sabuni mpaka maji yawe meupe.

Shauri hilo ni rahisi kutolewa mahali penye mfereji. Katika nchi ambayo mama huchimba mchanga wa mto mkavu ili apate ndoo moja, suuza sita si jambo dogo. Kwa hiyo vitambaa vipangwe kwa zamu, vilivyo vyeupe kwanza, kisha manjano, kisha kijani, na vyeusi na buluu mwisho. Maji yale yale ya suuza huweza kutumika kutoka kimoja hadi kingine, maana rangi hafifu haikidhuru kilichokoza. Mahali kama Mutomo, ambapo maji ya baadhi ya visima virefu yana chumvi, sabuni hugeuka utando wa kijivu juu ya nguo. Maji ya namna hiyo yatumiwe mwanzoni, na yale ya mchangani au ya mvua yahifadhiwe kwa suuza ya mwisho. Mabwawa ya mchanga, ambayo Kitui inajulikana kwayo duniani, yamewarahisishia wengi jambo hili. Nguo zianikwe kivulini, kwa kuwa jua la mchana la Ukambani hupausha rangi.

Kitambaa kikiwa bado na unyevu kidogo kipigwe pasi. Ikiwa kimekaza kama ngozi, nta ya fundi haikutoka yote. Kiwekwe katikati ya karatasi mbili tupu na pasi ya moto ipitishwe juu yake, nta itaingia katika karatasi. Gazeti halifai kwa kazi hii, hata liwe gazeti zuri namna gani, kwa sababu wino wake huhamia kwenye nguo. Mwenye pasi ya makaa aifute chini kila mara na aipigie mbali na viraka vyeupe.

Hesabu ije kabla ya mkasi. Kitanda cha futi nne kwa sita kikitakiwa kufunikwa, na shuka lining'inie inchi tisa kila upande, upana utakuwa inchi 66. Urefu wa inchi 84 watosha kufunika miguuni na kubakiza kidogo kichwani. Viraka vya mraba vya inchi sita ndivyo vinavyomfaa anayeanza. Vitakuwa 11 kwa upana na 14 kwa urefu, jumla 154. Lakini kila kiraka kikatwe inchi sita na nusu, ili robo inchi kila upande iliwe na mshono. Robo hiyo yaonekana ndogo, kumbe humeza karibu sehemu moja ya saba ya kitambaa chote. Yadi moja ya batiki yenye upana wa inchi 45 hutoa viraka 30. Hivyo kazi nzima yahitaji yadi tano na kipande. Hapo ndipo mama huona kwamba vile vipande vya yadi mbili mbili ambavyo havikutosha kitu chochote vyatosha kitanda kizima.

Kikatwe kipimo kimoja cha karatasi ngumu ya boksi, inchi sita na nusu kila upande, na kila kiraka kichorwe kwa chaki kwa kipimo hicho hicho, wala si kwa kiraka kilichotangulia. Anayepima kiraka kwa kiraka huongeza upana wa chaki kila mara, na kiraka cha hamsini hakifanani na cha kwanza. Kipimo kilale sambamba na nyuzi za kitambaa. Kiraka kilichokatwa mshazari hunyooka kama mpira na kuharibu safu nzima. Kitambaa kinachopendwa kuliko vyote kisikatwe cha kwanza. Mkono huzoea kwa kile ambacho kikiharibika hakitaliliwa.

Viraka vyote vitandazwe juu ya mkeka kabla ya kushonwa. Hapa mwanamke wa Kikamba anayesuka kiondo ana ujuzi ambao wengine hawana, kwa maana amezoea kuhesabu nyuzi na kuona mistari itakavyokutana kabla haijakutana. Asitazame uzuri wa kila kiraka bali weupe na weusi wake. Batiki nyingi ni za rangi ya kati, na zikiwekwa pamoja huonekana kwa mbali kama tope moja. Akisimama hatua tano nyuma na kufumba macho nusu, ataona mara moja mahali panapohitaji kiraka cheupe.

Kwa cherehani yafaa sindano nyembamba, namba 11, kwa sababu batiki nzuri imefumwa kwa kushikana na sindano nene huacha matundu yasiyozibika. Uzi uwe wa pamba. Viraka vishonwe kuwa safu, kila safu ipigwe pasi mishono ikilala upande mmoja, na safu inayofuata mishono ilale upande wa pili. Zikiunganishwa, mishono hukaa ubavu kwa ubavu na pembe hukutana sawasawa. Upana wa mshono usibadilike. Katika safu ya viraka 11 iko mishono kumi, na kila mmoja ukizidi thumni ya inchi kwa kila kiraka, safu hupungua inchi mbili na nusu, na haitalingana na jirani yake. Wanawake wakifanya kazi hii kwa mwethya, kama walivyozoea kulima na kujenga matuta, ni heri mmoja akate vyote na mwingine apige pasi vyote, kuliko kila mtu ashone kwa robo inchi yake. Majira yaliyo mema ni tangu Juni hadi Agosti, mazao ya mvua za Machi yakiwa yamekwisha kuvunwa na baridi ya milima ya Mbooni ikimkumbusha kila mtu haja ya shuka.

Limebaki swali gumu, nalo ni la kitambaa cha marehemu. Wengine huona kwamba kukikata ni kumvunjia heshima. Wengine wamekiacha sandukuni, wakarudi wakakuta mchwa wametangulia. Batiki ya yadi mbili ya mama aliyefariki hutoa viraka 60. Mabinti wake watatu, kila mmoja akipewa 20 avitawanye katika shuka lake pamoja na vitambaa vyake mwenyewe, wote watalala chini ya nguo ya mama yao, na hakuna aliyepewa kuliko mwenzake. Mjukuu atakayeziona shuka hizo Wote, Mwingi na Nairobi atatambua kwamba zatoka sanduku moja. Jambo hili lizungumzwe na wote kabla ya siku ya kukata, na wazee wa nyumba wasikie, kwa maana ugomvi wa nguo huanza kwa aliyekata peke yake. Ukanda mmoja wa ukingo, ule wenye alama ya fundi ikiwa iko, usikatwe. Ushonwe nyuma ya shuka.

Uso ukiisha kuungwa, upigwe mshono mmoja kuzunguka ukingo wote, ndani ya robo inchi ile, ili mishono ya safu isifunguke wakati wa kungojea kitambaa cha nyuma. Katikati huweza kuwekwa blanketi jepesi lililochakaa, na nyuma shuka la kawaida lililokwisha kufuliwa. Kama fedha ya kitambaa cha nyuma haijapatikana, uso usikunjwe. Uviringishwe juu ya mti ulionyooka na kufunikwa kwa shuka safi la pamba, na kuwekwa juu ya kabati mbali na dirisha.