Tadbiri ya Mkutano wa Hisa

Aghalabu mtu asikiapo habari za vikundi vya akiba vya vijijini Iramba, Mkalama na Ikungi, mkoani Singida, fikira zake huliendea lile sanduku la chuma na fedha zilizomo, ilhali amana ya wanachama hailindwi na chuma, bali na taratibu za mkutano wa kila wiki, ambamo hakuna shilingi itokayo mkono huu kwenda mkono ule isipokuwa mbele ya hadhara.

Mtindo huu, ulioasisiwa mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, kwa msaada wa shirika la CARE, na ambao baadaye ulifika Zanzibar na Tanzania Bara, una kaida zinazostahili kutazamwa kwa makini. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa wanachama watatu wasio viongozi, hali sanduku lenyewe analihifadhi mtu mwingine. Kila mwanachama ana namba yake, huketi kwa kufuata namba hiyo, na akiitwa hununua hisa moja hata tano, naye hugongewa mhuri kitabuni kwa kila hisa. Mkutano ukikaribia kufungwa, salio hutangazwa, na wote hutakiwa kulihifadhi kichwani, kwani wiki ifuatayo wataulizwa kabla ya fedha kuhesabiwa. Hivyo bibi asiyejua kusoma wala kuandika huwa mkaguzi kamili, na hapana ithibati ninayoistahi kuliko hiyo.

Fauka ya hayo, katika mikutano mingi hutolewa nasaha fupi, nami nikialikwa kusema juu ya kujipanga, huyaacha mengine yote nikaanza na kalenda. Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua, takriban kuanzia Novemba mwishoni hadi Aprili, na alizeti huvunwa mvua zikiisha; kwa hiyo kikundi kinachogawana akiba yake, mzunguko wa mwaka ukiisha, mwezi Julai huwapa watu fedha wakati ambapo tayari wanazo, kisha huwaacha mikono mitupu wakati wa kununua mbegu na kukodi plau la ng'ombe. Mwenye tadbiri hugawana Novemba. Mikopo ya chakula na palizi itoke Januari na Februari, mavuno yakishauzwa irejeshwe, na miezi ya Julai hadi Oktoba iwe ndiyo ya kununua hisa tano tano.

Thamani ya hisa nayo isipangwe na wenye maduka sokoni, maana kiwango kisichoweza kufikiwa na mjane mwezi wa Februari, ghala likiwa tupu, kitamtoa kikundini kwa faini na aibu. Bei na iwe ndogo. Mwenye nacho ataongeza idadi.



Ama kikundi ambacho mzunguko wake umekwisha kuangukia Julai, hakina haja ya kubaki hivyo miaka yote: kigawane kama kawaida, kifungue mzunguko mfupi wa miezi minne hadi Novemba, usiokuwa na mikopo mirefu, kisha Desemba kianze mwaka kamili pamoja na mvua.