Binti wa Mfalme Awekwe Wapi? Maabesi wa Wafaranki Wakitazamwa kutoka Usambara

Kila nasaba inayotawala kwa kurithishana damu hukabiliwa na swali gumu: binti wa mfalme awekwe wapi? Mtoto wa kiume hupewa jimbo au hungojea kiti. Binti, kinyume chake, akiolewa humfanya mumewe kuwa mkwe wa mfalme, na watoto atakaowazaa huwa na damu ya kutawala. Makala haya yanafafanua jibu walilotoa wafalme wa Wafaranki huko Ulaya, kati ya karne ya 6 na ya 9, kwa kuwaweka baadhi ya binti zao katika monasteri, na yanalilinganisha na mifano miwili ya Afrika Mashariki.

Mfano wa kwanza unatoka katika milima iliyo nyuma ya mji wa Tanga. Nasaba ya Wakilindi, ambayo simulizi huianzishia kwa Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, ilitawala Usambara makao yake yakiwa Vugha. Simulizi hizo zinamtaja Mboza, binti wa nyumba hiyo ya kifalme, aliyekuwa na sauti kubwa katika kumsimika Kinyashi baada ya kufa Bughe. Baadaye Mboza aligombana na Kinyashi, akahamia Mshihwi pamoja na wanawe na wafuasi wake, na huko ukasimama utawala uliopingana na Vugha. Hapa hatari iliyotajwa hapo juu inaonekana waziwazi. Binti mwenye akili ya siasa, wafuasi na watoto wa kiume aliweza kuugawa ufalme.

Hatari hiyo Wafaranki waliijua vyema, kwa kuwa desturi yao ilikuwa kuugawa ufalme baina ya wana wa mfalme. Wagombea walikuwa tayari wengi. Wajukuu waliozaliwa na binti wangewaongeza. Einhard, aliyeandika maisha ya mfalme Charlemagne, anaeleza kwamba mfalme huyo aliwapenda mno binti zake, akakataa kumwoza yeyote kati yao. Mmoja wao, Rotrude, aliposwa mwaka 781 kwa ajili ya Konstantino VI, mfalme kijana wa Bizanti, lakini uchumba huo ulivunjika mwaka 787. Rotrude hakuolewa tena, ingawa alizaa mtoto nje ya ndoa. Mwingine, Theodrada, akawa abesi wa Argenteuil, karibu na Paris.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuiona monasteri kuwa gereza tu. Abesi, yaani mwanamke mkuu wa monasteri, alisimamia mashamba, wakulima waliolima humo, mapato na hazina. Gisela, dada yake Charlemagne, aliyezaliwa mwaka 757 na kufariki mwaka 810, alikuwa abesi wa Chelles, monasteri iliyoanzishwa na malkia Balthild katika karne ya 7. Watawa wa Chelles walinakili vitabu kwa ajili ya maktaba za mbali, na mwanazuoni Alcuin aliwatungia Gisela na Rotrude ufafanuzi wa Injili ya Yohane. Vilevile, mwaka 853 Ludwig, mfalme wa Wafaranki wa mashariki, aliikabidhi monasteri ya Zürich pamoja na ardhi nyingi kwa binti yake Hildegard.

Kwa mpango huo mfalme alipata faida tatu kwa pamoja. Kwanza, ardhi iliyotolewa kwa Mungu ilibaki mikononi mwa nyumba yake. Pili, alipata watu wa kumwombea yeye na marehemu wa ukoo wake pasipo kukoma. Tatu, hapakuwa na mkwe wala mpwa wa kudai kiti. Binti naye alipata elimu, mali na amri juu ya watu, mambo ambayo mke wa mtu aliyapata kwa nadra. Alichotoa badala yake ni ndoa na uzazi.

Je, mabinti wote waliridhika? La. Mwaka 589 katika monasteri ya Poitiers, iliyoanzishwa na malkia Radegund, waliasi Clotild, binti wa mfalme Charibert, na Basina, binti wa mfalme Chilperic. Askofu Gregory wa Tours anasimulia kwamba walitoka na watawa wapatao arobaini, wakilalamika kuwa abesi Leubovera hakuwatendea kama watoto wa wafalme. Baadaye walikusanya watu wenye silaha wakaivamia monasteri. Kwao utawa haukuifuta damu. Waliingia wakiwa mabinti wa wafalme, na kwa hadhi hiyohiyo wakadai haki zao.

Mfano wa pili, ulio karibu zaidi na abesi kwa umbo, ni wa Buganda. Huko mabinti wa Kabaka, kwa desturi ya kale, hawakuruhusiwa kuolewa. Dada aliyesimikwa pamoja na Kabaka alikuwa na baraza lake na ardhi yake. Kabaka alipofariki, dada huyo alibaki mlinzi wa kaburi lake kwa cheo cha Nnaalinya. Cheo hicho kingali kinatambuliwa katika makaburi ya Kasubi, Kampala. Huko nako palitokea uasi. Clara Nalumansi, binti wa Mutesa I, aliyepewa ulinzi wa kaburi la Kabaka Jjunju, alibatizwa, akaviharibu vitu vitakatifu vya mahali hapo, na mwaka 1888 akauawa.

Ulinganisho huu haudai kwamba jamii hizi ziliigana, bali unaonyesha kwamba tatizo moja lilizaa taasisi zinazofanana. Wafaranki na Waganda walimpa binti utukufu wa ibada, ardhi na watumishi, wakamzuilia wana wa kurithi. Mboza alikuwa na wana, na Mshihwi ikawa matokeo yake. Kwa hiyo mtafiti anayesoma orodha za watawala, ziwe za Vugha au za Paris, asikome kwenye majina ya wanaume yaliyopangwa baba hadi mwana. Na aulize pia mabinti waliwekwa wapi, walikabidhiwa nini, na walizuiliwa nini. Mara nyingi utulivu wa kiti cha baba ulilipiwa na binti ambaye jina lake halimo katika orodha hiyo.