Enola Gay: bati limesafishwa, maneno je?

Ndege ya vita ikiisha kuingia katika jumba la makumbusho haitumiki tena kurukia. Inakuwa kitu cha kusomwa. Msomaji wake ana mambo mawili mbele yake: bati lenyewe, na kibao cha maelezo kilichowekwa kando. Bati ni kazi ya mafundi. Kibao kinatuhusu sisi watu wa lugha, na mfano wake mzuri ni Enola Gay, ile B-29 ya Marekani iliyobeba bomu la atomiki hadi Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945.

Taasisi ya Smithsonian ilikabidhiwa ndege hiyo mwaka 1949, lakini haikuwa na jengo la kuiweka. Kuanzia 1953 hadi 1960 ilikaa nje, katika kambi ya jeshi la anga ya Andrews karibu na Washington. Ndege walijenga viota ndani ya ndege (viambishi peke yake ndivyo vinatuonyesha yupi ana manyoya), na watu wakang'oa vipande vya ukumbusho. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu kama chuma. Inaliwa polepole na kuacha unga mweupe. Matengenezo yalianza 1984 na kuchukua takriban saa 300,000 za kazi. Desemba 2003 ilionyeshwa nzima, na mabawa yake ya mita 43, katika Kituo cha Steven F. Udvar-Hazy huko Chantilly, Virginia.

Lakini kilicholeta ugomvi mkubwa ni maneno. Kabla ya maonyesho ya 1995 jumba liliandaa maelezo marefu yaliyotaja pia mateso ya watu wa Hiroshima. Wanajeshi wa zamani na wabunge walipinga, mpango ukafutwa, na mkurugenzi Martin Harwit akajiuzulu. Kibao cha 2003 kikawa kifupi: kilisifu ufundi wa B-29, kisha kikasema kwamba ndege hii iliangusha bomu. Idadi ya waliokufa haikutajwa, ingawa mji wa Hiroshima unakadiria watu wapatao 140,000 hadi mwisho wa 1945.

Tazama kitenzi. Kwa Kiswahili tuna njia kadhaa. "Bomu lilianguka": kama embe, halina mwenyewe. "Bomu liliangushwa": mtendaji yupo, ila amefichwa. "Ndege iliangusha bomu": mtendaji ametajwa, lakini ni mashine. "Waliliangusha": sasa ndipo tunapata watu. Kibao kilichagua njia ya tatu. Naiona kuwa ya werevu kuliko zote, kwa sababu inaonekana kusema kila kitu.

Kamera inazidisha jambo hilo. Aluminiamu iliyong'arishwa ni kama kioo: ukitumia mwanga wa kamera, unakurudia. Kwa hiyo wapiga picha wanapanda kwenye njia za juu za ukumbi ili waipate ndege nzima kwa mwanga uliopo, au wanakaribia pua yake, palipoandikwa jina la mama wa rubani Paul Tibbets. Picha zote mbili zinaacha kibao nje. Picha inasafiri dunia nzima na jina la mama tu. Anayepiga picha kwa ajili ya utafiti apige kwanza kibao, karibu, herufi zisomeke, kisha ndege.

Na kuna neno jingine lisilokuwepo: Shinkolobwe. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu wa Marekani ilitoka katika mgodi huo wa Katanga, karibu na Likasi, chini ya kampuni ya Union Minière. Nimejaribu kuandika kibao chetu: "Wanajeshi 12 waliokuwa ndani ya ndege hii waliuangushia mji wa Hiroshima bomu la urani. Sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilichimbwa na Wakongomani, Shinkolobwe." Ni sentensi mbili tu, na nafasi ipo.