Kukishikiza Kimeng'enya Kisipotee

Natumaini kila kikundi kimekwisha kukaa, na mwandishi amefungua daftari. Leo tutaanza jikoni, na tutamalizia kwenye kopo dogo la mgonjwa wa kisukari.

Akina mama wa hapa Hasamba wanakijua kimea cha ulezi. Uji wa mtoto ukiwa mzito mno, uache upoe kidogo, utie kijiko cha unga wa kimea, ukoroge. Punde uji huwa mwepesi, ingawa hukuongeza maji. Kisha waurudisha motoni uchemke. Lakini ukitia kimea katika uji unaotokota, hakifanyi kazi. Kwa nini?

Ndani ya kimea mna kitu kinachokata wanga vipande vipande. Kitu hicho huitwa kimeng'enya. Ni uzi mrefu wa protini uliokunjwa kwa namna yake maalumu, na kazi yake yategemea mkunjo huo. Moto ukizidi, mkunjo hufumuka, nacho huharibika, kama yai lililochemshwa lisivyoweza kuwa bichi tena.

Tena kuna hasara ya pili. Kimeng'enya hakiishi kwa kukata. Kingeweza kukata tena na tena. Lakini kikisha kuchanganyika na uji, nani atakitoa? Katika kiwanda kinachonunua vimeng'enya kwa bei kubwa, hasara hiyo si ndogo.

Dawa yake ni kukishikiza juu ya kitu kigumu. Mwaka 1916, huko Marekani, Nelson na Griffin walikishikiza kimeng'enya cha hamira juu ya mkaa, wakaona kwamba bado chavunja sukari. Mwaka 1969, huko Japani, Ichiro Chibata na wenzake wa kampuni ya Tanabe Seiyaku walianza kuitumia njia hii kiwandani. Maji yenye malighafi yalipita, na kimeng'enya kilibaki pale pale kikifanya kazi.

Sasa, kwa nini kilichoshikizwa mara nyingi hudumu zaidi? Fikiri mzigo wa mahindi unaopelekwa Vwawa kwa baiskeli. Ukifungwa kamba mahali pamoja tu, matuta ya njiani yataulegeza. Ukifungwa mahali pengi, hautikisiki ovyo. Ndivyo ulivyo uzi wa kimeng'enya: ukishikwa mahali kadha wa kadha, joto halipati nafasi ya kuufumua upesi.

Njia ni nyingi. Kimeng'enya chaweza kunaswa juu ya mkaa au udongo wa mfinyanzi, kuunganishwa kwa kemikali, au kufungiwa ndani ya ute mgumu unaotokana na mwani, kama ule uitwao kotonii unaolimwa Zanzibar. Lakini lazima fundi awe mwangalifu. Akiuziba mlango wa kimeng'enya, yaani pale kinapokamatia kitu cha kukata, nguvu zake hupungua.

Basi, tufike kwenye lile kopo. Mwenye kisukari hujitoboa kidole, akagusisha tone la damu kwenye kijiti cha kupimia. Juu ya kijiti hicho kimeng'enya kimekaushwa na kushikizwa; hukutana na sukari ya damu, na mashine husoma umeme mdogo unaotokea. Msingi wa kazi hii uliwekwa na Clark na Lyons mwaka 1962.

Ndugu zangu, kushikizwa si kinga ya kila kitu. Nilipata kuingia nyumba moja nikakuta kopo limeachwa wazi dirishani, juani. Unyevu na joto huharibu vijiti, vikatoa hesabu ya uongo. Mtu anayejidunga insulini kwa kufuata hesabu hiyo aweza kuzirai, hata kufa. Kwa hiyo, funga kopo mara moja baada ya kutoa kijiti. Liweke mahali pakavu penye kivuli. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Na nawa mikono ukaushe, maana tunda ulilomenya huacha sukari kidoleni.

Maswali ya kujadiliana: Kwa nini kimea hakitiwi katika uji unaotokota? Kiwanda hupata faida gani kimeng'enya kinaposhikizwa? Nani katika kijiji chetu anatunza vijiti vya kupimia, na amevihifadhi wapi?

Kwa leo tumefika mwisho. Kwaherini.