Hatua, Mwendo na Umbali: Kwa Nini Vipimo vya Saa na Simu Hutofautiana?

Utangulizi

Baba yangu, mkazi wa mji wa Isiolo, alishauriwa na daktari atembee kilomita nne kila siku ili kudhibiti kisukari. Alivaa saa ya kuhesabu hatua, nami siku moja nikaandamana naye nikiwa na simu mfukoni. Tulitoka mtaa wa Bulla Pesa hadi msikiti wa mjini, kisha tukarudi. Saa yake ilisema kilomita 4.0, simu yangu ilisema 3.4. Akaniuliza, "Sasa kati ya hizi mbili, mwongo ni ipi?" Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo. Yanashikilia kwamba, kwa kiasi kikubwa, tatizo ni la lugha: tunaviita kwa jina moja, yaani umbali, vitu viwili ambavyo havikupimwa kwa njia moja.

Kipimo cha Hatua

Saa inayohesabu hatua haiioni njia. Ndani yake mna kihisi kidogo kinachotambua mtikiso wa mwili. Kila mtikiso unaofanana na hatua huhesabiwa, kisha idadi hiyo huzidishwa kwa urefu wa hatua, ambao aghalabu hukisiwa kutokana na kimo cha mvaaji. Kanuni moja inayotumika sana huchukua takriban asilimia 41 ya kimo. Kwa mtu wa sentimita 180, hatua moja hukisiwa kuwa sentimita 74. Siku ile saa ilihesabu hatua 5,400. Zikizidishwa kwa 74, tunapata zile kilomita 4.0. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba mzee mwenye maumivu ya goti hapigi hatua ya kijana wa kimo chake.

Aidha, mkono usipoyumba, hatua nyingine hupotea. Mchungaji aliyelaza fimbo mabegani na kuegemeza mikono yote miwili juu yake anaweza kutembea mwendo mrefu huku saa ikimhesabia hatua chache. Ndivyo ilivyo pia kwa mama aliyebeba jerikeni ya maji kwa mkono wenye saa.

Kipimo cha Setilaiti

Simu yangu ilitumia GPS, mfumo wa setilaiti za Marekani zinazoizunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti zisizopungua nne, hukadiria mahali ilipo, kisha huziunganisha nukta hizo kwa mistari iliyonyooka. Penye uwanda wazi, kosa la kila nukta huwa mita chache tu. Karibu na majengo kosa huongezeka, kwa kuwa mawimbi hugonga kuta kabla ya kuifikia simu.

Kosa hilo lina sura mbili. Nukta zikiachana sana, simu hukata kona na safari hufupika. Zikikaribiana, huyumba huku na huku kando ya njia na safari hurefuka. Hata mtu akisimama kuamkiana na jirani, simu inaweza kuendelea kumwongezea mita ambazo hakuzitembea.

Funzo kutoka Lugha Yetu

Tatizo hili si geni katika Kiswahili. Kipimo cha dhiraa, au mkono, huanzia kwenye kiwiko. Lakini huishia wapi? Dhiraa kamili hufika ncha ya kidole cha kati, ilhali dhiraa konde huishia penye ngumi iliyofumbwa. Anayenunua nguo kwa dhiraa hana budi kujua ni dhiraa ngapi na, zaidi ya hayo, ni dhiraa gani. Neno moja la ziada linatosha kuondoa utata.

Hali kadhalika, neno maili lina chimbuko lake katika neno la Kilatini lenye maana ya elfu, kwani maili ya Warumi ilikuwa jozi elfu moja za hatua. Nasi tusemapo "mwendo wa saa moja", tunapima safari kwa wakati, na kila msikilizaji anaelewa kwamba saa ya mzee si saa ya kijana.

Jaribio Dogo

Ili kusuluhisha ubishi, tulikwenda kwenye uwanja wa wazi, tukapima mita 100 kwa utepe, naye akazitembea kwa mwendo wake wa kawaida. Alipiga hatua 165, yaani kila hatua sentimita 61 hivi. Hatua 5,400 kwa kipimo hicho ni takriban kilomita 3.3. Ilidhihirika kwamba kila siku alikuwa akipungukiwa na mita zipatazo 700, naye akiamini ameutimiza ushauri wa daktari. Tuliingiza urefu huo mpya katika saa, na safari yake ikasogezwa mbele kidogo kupita msikiti.

Hitimisho

Jibu la swali la baba ni kwamba hakuna mwongo. Saa ilihesabu mitikiso, simu iliunganisha nukta, na zote mbili zikakadiria. Inapendekezwa basi kwamba katika mazungumzo na maandishi yetu tutofautishe umbali wa hatua na umbali wa setilaiti, kama dhiraa kamili inavyotofautishwa na dhiraa konde. Atakaye kulinganisha safari yake ya leo na ya jana atumie chombo kimoja, akivae vilevile kila siku. Atakaye kilomita za kweli hana budi kwanza kuipima hatua yake mwenyewe.