Mkulima wa Korosho Mbele ya Tabibu

Katikati ya mwaka, mikorosho ya Ruangwa na Nachingwea inapotoa majani mapya na maua, wanachama huingia mashambani kupuliza dawa. Salfa ya unga huzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Dawa za maji huua mbu wa mikorosho na wadudu wengine. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini ina madhara kwa mwili wa mpulizaji asiyejikinga.

Mkulima wa Mandawa akirudi shambani anaumwa kichwa, ana kichefuchefu na mwili umelegea, huenda zahanati na kusema neno moja tu: "Homa." Neno hilo hubeba mambo mengi: joto la mwili, uchovu, baridi na maumivu ya viungo. Tabibu, kwa kuwa yumo katika nchi ya malaria, hana budi kuitafuta malaria kwanza. Lakini baadhi ya dawa za wadudu nazo huleta dalili zinazofanana na hizo, pamoja na jasho jingi, mate kujaa kinywani na mboni za macho kuwa ndogo. Matibabu yake ni tofauti kabisa; kwa aina fulani za sumu hiyo hutumika dawa ya atropini, ambayo haitibu malaria. Tabibu asipoambiwa kwamba mgonjwa alikuwa akipuliza dawa, atayajuaje?

Kwa hiyo inafaa mgonjwa ajiandae kueleza mambo manne. Kwanza, ugonjwa ulianza lini na kwa dalili gani. Pili, alikuwa akifanya kazi gani, na kwa dawa ipi. Tatu, ametumia dawa gani tangu augue, zikiwamo vidonge vya dukani na mizizi ya mganga wa jadi. Hilo lisifichwe kwa aibu, maana mficha maradhi kifo humwumbua. Nne, kama mgonjwa ni mwanamke, aseme iwapo ni mjamzito au ananyonyesha.

Wazee wengi huona kumwuliza daktari swali ni utovu wa adabu. Sivyo. Mgonjwa anayo haki ya kusema, "Bwana Daktari, sijaelewa, naomba unieleze tena." Kisha arudie mwenyewe maagizo: vidonge vingapi, mara ngapi, kwa siku ngapi, na arudi lini. Huenda tabibu ametoka mkoa mwingine na hajui Kimwera. Mzee asiyezoea Kiswahili aende na ndugu wa kumsemea.

Hapa makatibu wa vyama vya msingi wana wajibu wao. Pembejeo zinapogawiwa, katibu aandike jina kamili la dawa kwenye karatasi na kumpa kila mwanachama aiweke nyumbani. Dawa isihamishiwe katika chupa za soda, kwani ikishatengwa na lebo yake hakuna atakayeitambua. Mtu akidhurika, avuliwe nguo zenye dawa, aoshwe kwa maji na sabuni, na apelekwe upesi pamoja na karatasi hiyo au lebo. Karatasi ikikosekana, asicheleweshwe kwa kuitafuta. Mwingine ailete nyuma.

Makatibu wanaombwa kuwasomea wanachama maelezo haya mkutanoni kabla dawa hazijatoka ghalani.