Muuza Herufi

Ukipewa risiti ya mashine ya EFD dukani, usiitupe kwanza. Isogeze karibu na macho. Herufi O iliyomo si duara. Ni vinukta vilivyopangwa kama ngazi, vinapanda na kushuka hadi vikutane. Msukaji wa mikeka anaijua shida hiyo tangu zamani: ukitaka ua kwenye mkeka, ua hilo litapanda hatua kwa hatua. Lakini hakuna msukaji anayeomba radhi kwamba mkeka wake haukuchorwa kwa brashi.

Mwaka 1984 wasanifu wa herufi walikuwa na sababu ya kuomba radhi. Apple ilikuwa imetoa Macintosh, kompyuta iliyoonyesha herufi za maumbo mbalimbali, lakini kioo chake kilikuwa na nukta 72 tu kwa kila inchi. Kwa waliolelewa na herufi za risasi, huo ulikuwa mchezo wa watoto. Msanifu Zuzana Licko hakuuona kuwa mchezo. Alizaliwa Bratislava mwaka 1961, akahamia Marekani na wazazi wake akiwa mdogo. Baba yake, mtaalamu wa hisabati za biolojia, ndiye aliyemfungulia mlango wa kompyuta mapema. Chuoni Berkeley, somo la kuandika herufi kwa kalamu lilimtesa: yeye hutumia mkono wa kushoto, akalazimishwa kuandika kwa wa kulia. Kompyuta haikumuuliza anatumia mkono gani.

Akaanza kuchora herufi nukta kwa nukta: Emperor, Oakland na Emigre. Hapa tukae kidogo, maana ndipo ufundi wenyewe ulipo. Njia rahisi ingekuwa kuchukua herufi ya kitabuni na kuifinya mpaka ienee katika kimo cha vinukta nane. Itaenea, ila itatoka imevunjika mbavu: vile vikia vya miguuni vinakuwa vikubwa kama miguu yenyewe, na tumbo la “a” linaziba. Licko alianzia upande wa pili. Alitazama kwanza vinukta vinaweza nini, kisha akaijenga herufi humo. Katika Emperor, nguzo ya herufi ina upana wa nukta mbili na uwazi wa ndani nukta moja, na uwiano huo haubadiliki. Ndiyo maana Emperor ya kimo cha nukta 8 si ile ya nukta 15 iliyopunguzwa. Kila moja ina msingi wake.

Printa ya leza ilipoingia, kikwazo kikawa kingine: kumbukumbu. Herufi za printa hiyo hazihifadhiwi kama nukta, bali kama alama chache za ukingo, na mashine huunganisha alama hizo kwa mistari. Mapindo yanataka alama nyingi, na alama nyingi hula kumbukumbu. Basi katika Matrix, fonti ya mwaka 1986, Licko aligeuza vikia kuwa pembetatu zilizokatwa moja kwa moja, na mistari ya mshazari akaiweka kwenye nyuzi 45, kwa kuwa huo ndio mshazari ambao printa huuchora kwa ulaini zaidi. Anayeitazama leo huona umaridadi. Chanzo chake ni ubahili.

Biashara nayo ilijitokeza bila mpango mkubwa. Mumewe Rudy VanderLans, Mholanzi aliyewahi kuwa msanifu katika gazeti la San Francisco Chronicle, alikuwa ameanzisha jarida la Emigre mwaka huohuo wa 1984. Herufi za mkewe zilipoanza kuonekana humo, wasomaji wakauliza zinapatikana wapi. Kabla ya hapo, fonti zilitoka kwa makampuni yenye mitambo mikubwa ya kupanga chapa. Sasa watu wawili waliweza kuzichora nyumbani, kuzitangaza katika jarida lao na kuziuza kwenye diski. Baadaye waliuza na za wenzao, kama Template Gothic ya Barry Deck na Mason ya Jonathan Barnbrook.

Wakubwa wa fani walikasirika. Massimo Vignelli, mmoja wa wasanifu walioheshimiwa sana New York, aliziita kazi hizo takataka mwaka 1991. Hoja ya Licko ilikuwa kwamba hakuna herufi inayosomeka kwa asili yake. Watu husoma kwa urahisi kile wanachokisoma mara nyingi. Mimi simfuati mpaka mwisho, maana hakuna mazoea yatakayoifanya risiti iliyofifia isomeke, lakini historia iko upande wake. Karne ya 18 huko Birmingham, John Baskerville alilaumiwa kwamba herufi zake zinaumiza macho. Benjamin Franklin alimtega mlalamikaji mmoja kwa kumpa karatasi ya herufi za Caslon, zile zilizozoeleka, akimwambia ni za Baskerville. Yule bwana akaanza kuonyesha kasoro moja baada ya nyingine.

Mwaka 1996 Licko alizifufua herufi za Baskerville kwa namna yake, akipunguza tofauti kati ya unene na wembamba. Fonti hiyo hakuipa jina la Baskerville. Aliiita Mrs Eaves, kwa Sarah Eaves, mtumishi wa nyumbani ambaye baadaye aliolewa na Baskerville. Huenda umeiona bila kujua, kwa kuwa nembo ya WordPress imeandikwa kwa fonti hiyo.

Mwaka huohuo alitoa Filosofia, na aliyesanifu bango la kuitangaza alikuwa Vignelli yuleyule.

Jarida lilifungwa mwaka 2005, likiwa na matoleo 69. Miaka sita baadaye jumba la makumbusho la MoMA, New York, liliingiza fonti 23 za dijitali katika hazina yake, tano kati yake zikiwa za Emigre, biashara ya wawili hao. Ya Licko iliyochukuliwa haikuwa Mrs Eaves. Ilikuwa Oakland, ile ya ngazi.